Barua za babangu: zisomwe kanisani au zirudi debeni?

Kitindamimba wa Kisauni ameuliza:

Hamjambo nyote. Naomba mnivumilie, jambo lenyewe ni refu na kichwa changu hakijatulia.

Babangu alifariki mwezi uliopita, miaka 78. Tulimzika kwao Rabai, kando ya babu, na mvua ile ya kuudhi, isiyokatika wala kunyesha sawasawa. Mazishi yalikwenda vizuri, namshukuru Mungu na majirani. Tatizo limekuja baadaye. Kanisa limetupa Jumapili ya shukrani, wiki mbili kutoka leo, na mimi ndiye niliyepewa kusoma wasifu, ati kwa sababu "wewe ndiye uliyekaa naye." Maana yake ni kwamba wao wana shughuli zao.

Wasifu wa kawaida haunisumbui. Alizaliwa 1946. Aliingia Posta 1968, Posta Kuu ya Digo Road, wakati huo shirika likiwa moja la Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ilipovunjika 1977 alilala mfanyakazi wa Afrika Mashariki akaamka mfanyakazi wa Kenya, meza ile ile, kiti kile kile kilichokatika mguu. 1999 shirika likagawanywa: simu zikaenda Telkom, barua zikabaki Posta, naye akabaki na barua. Alistaafu 2001 kwa miaka 55 kama ilivyokuwa desturi ya serikali siku hizo. Kwaya aliingia kabla hajaajiriwa na hakutoka. Besi, ile sauti nzito ya wanaume, safu ya nyuma, wa pili kutoka dirishani, mpaka Jumapili mbili kabla hajalazwa. Kuimba peke yake mbele ya watu hakukubali hata siku moja. Mwalimu wa kwaya akimbembeleza, jibu lilikuwa: "Nikiimba peke yangu watu watadhani meli inaingia Kilindini."

Hayo yote naweza kuyaandika usiku mmoja. Sasa nisikilizeni.

Mamangu ni wa Frere Town asilia, ukoo wa wale waliokombolewa utumwani wakapitia Bombay kabla ya kuletwa hapa. Kwao mtoto hupewa sauti ya kuimba kabla hajajua kufagia. Alikuwa mwalimu, na 1979 akapelekwa kufundisha Taveta. Alikaa huko hadi 1986. Sisi watoto tulibaki Kisauni na baba na nyanya. Mimi nilikuwa mdogo kabisa. Ninachokumbuka ni mama kushuka na mfuko wa ndizi likizo ikifunguliwa, na baba kuchukua ule mfuko bila kusema neno, akaubeba kama kifurushi cha rejista.

Baada ya mazishi tulipokuwa tukipanga chumba, chini ya kitanda, upande wa mama, dada yangu alitoa debe la biskuti, lile la bati la mraba. Ndani kuna barua. Nimezihesabu, 231. Zote mwandiko wa baba, zote kwenda Taveta, kwa sanduku la ile shule. Kila bahasha imefunguliwa kwa kisu upande wa juu, haikuraruliwa. Stempu za mwanzo ni zile za madini, baadaye ni za maua. Mhuri umegongwa sawasawa, duara zima, tarehe inasomeka mpaka leo. Na kila tarehe niliyoitazama kwenye kalenda ni Jumanne.

Nilifungua moja. Ndiyo, najua. Ukurasa wa mbele ni mambo ya nyumbani: fundi wa paa kamaliza upande mmoja na hela kamaliza zote, nyanya mguu unamsumbua, kijana ana surua, baiskeli ilitoboka tairi juu ya daraja la Nyali (lile la zamani la kuelea, maana barua ni ya 1979 na hili la sasa lilifunguliwa 1980) akatembea hadi kazini. Hakuna "mpenzi" wala "nyota yangu." Halafu nyuma ya karatasi, ukurasa mzima, ni solfa, noti za kuimba zilizoandikwa kwa herufi. d, r, m, mistari na nukta, kwa wino mwekundu. Nikachungulia nyuma ya nyingine kumi. Solfa, solfa, solfa.

Kaka yangu mkubwa yuko Doha na anataka barua zipigwe picha zitengenezewe kijitabu kigawiwe watu. Dada anataka nisome mbili tatu katika wasifu, "watu wajue baba alikuwa mume wa namna gani." Ile solfa wote wawili wanasema ni besi yake, alikuwa akifanya mazoezi karatasi isipotee bure, tabia yake ya kubania vitu. Mama tulimwuliza mara moja. Akasema, "Barua ina mwenyewe. Mwenyewe ni mimi na bado sijafa." Akaenda kuchagua mchele.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza: je, ni vibaya kusoma hata moja tu, ile ya paa, ambayo haina siri yoyote? La pili: kuna anayesoma solfa hapa? Mimi katika nyumba ile ndiye niliyenyimwa sauti. Kama ni besi yake, nafikiri tungeweza kumpa kijana wa kwaya aiimbe siku hiyo.

---

Mshika Kipaza amejibu:

Pole sana dada. Mimi huongoza shughuli hizi Pwani karibu kila Jumamosi, kwa hiyo nakwambia ya kazini. Ukipewa dakika tano, andika kurasa mbili za mkono, usizidishe. Watu wa itifaki watakunyang'anya kipaza sauti hata kama uko katikati ya machozi. Orodha ya vyeo na shule iweke kwenye karatasi ya programu, usiisome. Watu hukumbuka kitu kimoja. Hiyo ya meli Kilindini peke yake yatosha kuwaamsha waliolala.

Kuhusu barua sina la kusema, hiyo ni ya familia. Ila kijitabu cha barua 231 ni gharama, mwambie kaka wa Doha atangulize hela ndipo mjadala uendelee.

---

Mzee wa Kuze amejibu:

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mwanangu, poleni sana, na umpe mama pole yangu. Ukishasema Digo Road, Kisauni na besi, sina haja ya kuulizia jina. Mimi niliingia Posta 1974, nikawekwa chumba cha kupangia barua, na aliyenishika mkono kunifundisha vishubaka ni babako.

Watoto wa sasa hamzijui kazi zile, wacha nikwambie moja uitie kwenye wasifu ukipenda. Yale masanduku ya Posta, mteja kwa nje huona kijilango chake na kufuli. Sisi kwa ndani hatuoni mlango. Twaona ukuta mzima wa matundu, mfano wa mzinga wa nyuki, na kazi ni kutia barua tundu hadi tundu. Mtu akifungua kwa nje, unaloliona ni mkono. Mkono unaingia, unapapasa, unatoka. Babako aliwajua watu wa Mombasa kwa mikono. Huyu sonara, vidole vimeungua. Huyu ana harusi, hina mpya. Huyu karani wa bandarini, wino. Kuna mama mmoja mwanawe alikuwa baharia. Mkono wake ulikuwa unafika mpaka mwisho wa tundu, unapapasa na pembe, hata sanduku likiwa tupu. Babako akainama akamwambia humo humo tunduni, "Leo hamna, mama. Ngojea Alhamisi, kuna meli." Yule mama mara ya kwanza aliruka. Baadaye akawa akifungua huuliza mwenyewe: "Upo?"

Na alikuwa akipanga barua huku akivuma. Haimbi, anavuma tu, kinywa kimefumbwa. Sasa sauti ile nzito ikapita matunduni ikatokea nje barazani. Mhindi mmoja mwenye duka la kanga Biashara Street akaandika malalamiko, kwamba wafanyakazi wamewekewa redio badala ya kufanya kazi. Mkubwa wetu akaja na karatasi mkononi kutafuta redio. Akapekua mpaka chini ya magunia. Sisi kimya. Babako naye, kwa vile alikuwa mtu wa kushughulika, hakusikia kuwa anatafutwa, akaendelea kuvuma. Mkubwa akasimama nyuma yake muda mrefu. Kisha akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni, na hatukusikia tena habari za redio.

Sasa hizo barua zako. Nazijua. Jumanne, saa ya chakula, babako hutoka mlango wa nyuma, huzunguka hadi mlango wa mbele, hupanga foleni kama raia, hununua stempu kaunta. Tulikuwa tukimcheka. Stempu ziko ndani, kaunta ni ya mwenziwe, na yeye amesimama nyuma ya mtu mwenye vifurushi saba vya kwenda Lamu. Akishabandika, hurudi ndani na kuniletea mimi. "Igonge wewe," huniambia, "siwezi kujigongea barua yangu." Halafu husimama pale kutazama kama mhuri umekaa. Ukikaa upande hununa kutwa. Kwa hivyo mwanangu, huo mhuri unaousifu, duara zima na tarehe inasomeka, ni mkono wangu mimi. Nashukuru kusikia wino umedumu.

La kusoma barua: usisome. Kwetu kazini, kufungua barua ya mtu ni kuacha kazi na kufika mahakamani. Lakini babako alipita hapo. Kadi ya posta, ambayo haina bahasha na maneno yako wazi kama kibao cha duka, yeye alikuwa akiigeuza uso chini akiibeba. Mama amekwambia barua ina mwenyewe. Hayo ni maneno ya babako, kayasikia kwake.

---

Mjukuu Mwenye Majuto amejibu:

Mimi nitapinga kidogo, na Mzee wa Kuze anisamehe, shikamoo.

Nyanya yangu Changamwe alikuwa na barua za babu kutoka miaka ya meli, babu akiwa mpishi melini. Zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni. Tukaambiwa hivyo hivyo, barua ina mwenyewe, mziache. Tukaziacha. Nyanya alipofariki, shangazi akazichoma pamoja na magodoro. Leo sijui hata babu alikuwa akimwita nyanya kwa jina gani. Hata bandari alizotia nanga sizijui.

Sisemi usome kanisani. Nasema piga picha kabla hazijachomwa, funga hizo picha mahali, usimwonyeshe mtu. Mama akikasirika, mwambie ni za wajukuu.

---

Alto Mstaafu amejibu:

Bwana asifiwe, mdogo wangu. Poleni kwa msiba. Niko Mikindani, nimeimba alto miaka 30 na zaidi, goti ndilo lililonistaafisha, si sauti.

La barua waulize wenye hekima. La solfa niulize mimi. Hebu nakili mstari mmoja uweke hapa. Mstari wa solfa bila maneno si siri, ni kama kuonyesha mtu vifungo vya shati. Nakili kila kitu, hata vile vimkia vidogo chini ya herufi, hivyo ndivyo vinavyosema noti ni ya chini. Na uandike juu amesema doh, ile noti ya msingi, ni nini.

---

Kitindamimba wa Kisauni amejibu:

Shikamoo Mzee wa Kuze. Nimeisoma yako nikiwa kwenye matatu nikapitiliza hadi Bombolulu. Sikujua hata moja. Nyumbani baba hakuwa akisema habari za kazi, sasa naelewa kwa nini.

Mjukuu, nimekusikia pia, na umenitia hofu.

Dada Alto, huu hapa, nimenakili usiku mama akiwa amelala. Juu ameandika Doh ni G.

| d :d | t, :d | d :t, | d :– | d :d | d : | s, :s, | s, :– |

Ukurasa mzima uko hivi hivi, haupandi haushuki sana. Kusema kweli unachosha. Ukifikiria kwamba mtu aliyeandika hivi alikuwa akisifiwa mji mzima kwa besi, ni ajabu.

---

Alto Mstaafu amejibu:

Nimecheka peke yangu jikoni mpaka mume akaja kuuliza.

Mdogo wangu, hii si besi.

Besi hurukaruka. Inatoka d inaruka s, inarudi d, inakwenda f, kama mtu anayevuka mtaro kwa mawe. Na mwisho wa wimbo besi lazima ikae d, isipokaa hapo nyumba yote inayumba. Huu wako unatambaa. Angalia: d, t, d, d, t, d. Haujatoka mlangoni. Halafu mwisho umeng'ang'ania s ya chini, pigo baada ya pigo, hadi mstari unakwisha. Nani hukaa hapo? Soprano haikai hapo, ina wimbo wake wa kuringa nao. Tena haikai hapo kwa G, isipokuwa umeamua kuwatesa. Hii ni alto, sauti ya chini ya wanawake. Nimekaa hiyo s maisha yangu yote, naijua kama kigoda changu. Wimbo gani siwezi kukwambia, maana alto za nyimbo ishirini hufanana. Ukituimba peke yetu ni wali usio na mchuzi, ndiyo sababu umechoka.

Swali ni langu sasa: mamako alikuwa akiimba sauti gani?

Halafu kuna kitu kimepungua. Kile kipimo cha sita kina d moja tu, pigo la pili halina kitu, wala hakuna kistari cha kuvutia sauti. Mtu makini kama huyo hawezi kuacha shimo. Kaangalie tena.

---

Mshika Kipaza amejibu:

Mimi si mtu wa kwaya lakini nimekaa hapa nangoja jibu kama nangoja matokeo ya uchaguzi.

---

Mzee wa Kuze amejibu:

Likizo ya Agosti na Disemba, babako alikuwa akiomba zamu ya asubuhi, apate kutoka mapema. Nilidhani ni kwa ajili ya nyinyi watoto.

---

Kitindamimba wa Kisauni amejibu:

Nimechelewa kurudi, samahanini. Mambo yamekuwa mengi nyumbani, na mengine nimejitakia.

Mama alikuwa akiimba alto. Nilijua hilo na sikuliunganisha. Kwetu ni habari ya kale, kwamba mama aliimba zamani akaacha, kama vile unavyojua mtu fulani aliwahi kukaa Tudor.

Niliposoma jibu la Dada Alto nilimfuata jikoni na simu mkononi. Alikuwa anakuna nazi. Nikamwambia, "Mama, zile noti ni za alto." Hakuinua kichwa. Akauliza, "Nani kakwambia?" Nikasema ni mama mmoja wa Mikindani kwenye mtandao, nilimwekea mstari mmoja. Hapo mbuzi ilisimama. Tangu nizaliwe sijamwona mama amekasirika vile. Hakupiga kelele. Aliniambia, polepole, kwamba babangu alifanya kazi Posta miaka 33 na hakuwahi kusoma hata anwani ya mtu kwa sauti, na mimi nimechukua ya kwake nikaibandika mahali ambapo hata yeye hajui mlango wake uko wapi. Akaniambia niondoke jikoni.

Nimeiacha hapo juu kwa sababu nimeshindwa kuifuta, jukwaa halikubali baada ya siku moja. Nimemweleza. Hakusema kitu.

Usiku, saa tatu hivi, akaniita. Amekaa kitandani, debe liko miguuni. Akasema, "Hebu huo mstari uliowapa watu." Nikamwonyesha simu. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, miwani alikuwa hana. Nikamsomea basi, herufi kwa herufi: d, d, t, d. Nilipofika kipimo cha sita akanizuia kwa kidole.

"Umekula t."

Nikasema imeandikwa hivyo. Akasema, "Haikuandikwa hivyo." Halafu akaimba. Mstari wote, toka mwanzo, kwa herufi zenyewe bila maneno, sauti ndogo yenye mkwaruzo, na kidole kinapiga kifuniko cha debe. Kipimo cha sita akatia d halafu t ya chini, akaiangalia sura yangu, akaendelea hadi ile s ya mwisho. Na hiyo s aliikalia pumzi nzima kama ilivyoandikwa. Nikaenda kuitoa barua. Kweli t ipo, imekaa kwenye mkunjo wa karatasi, na kule kwenye mkunjo wino mwekundu umefifia.

Ndipo akanieleza, kwa kifupi, kama anavyoeleza kila kitu. Alipopelekwa Taveta alidhani kwaya imekwisha kwake. Wiki ya pili barua ikafika na alto ya wimbo waliokuwa wakijifunza. Baba alikuwa akimaliza mazoezi Jumatatu jioni, anabaki ubaoni akinakili sauti isiyo yake. Mama alijifunza akisahihisha madaftari, na wakati mwingine njiani kwenda kuteka maji. Shule zikifungwa, anashuka na gari la Voi, Jumapili anasimama safu ya alto kama mtu ambaye hakukosa mazoezi hata moja. Mwalimu wa kwaya wa wakati huo alidhani kuna kwaya nyingine kule bara inayomwibia nyimbo. Miaka 7. Nikamwuliza kwa nini baba hakuandika maneno ya wimbo, noti tu. Akasema, "Maneno nilikuwa nayajua. Nilichokuwa sina ni sauti ya kuniambia niingie wapi."

Nikamwuliza mbona aliacha kuimba aliporudi. Akasema kazi, nyanya mgonjwa, nyinyi. Hakueleza zaidi na sikuchokonoa.

Basi yameamuliwa haya. Barua hazisomwi, hata ya paa. Kijitabu hakuna, kaka amekasirika na atapoa. Mjukuu Mwenye Majuto, nimemwambia mama habari ya shangazi yako na magodoro. Alifikiri sana. Amesema tupige picha nyuma tu, upande wa solfa, mbele tusiguse, na picha akae nazo mjukuu mkubwa ambaye ni mwana kwaya.

Wasifu nimeupunguza ukawa ukurasa mmoja na nusu. Nimetia mikono ya masandukuni na redio isiyoonekana, kwa idhini yako Mzee wa Kuze. Ile ya Jumanne na foleni mama alikuwa haijui. Nilipomwambia alicheka, akafuta macho na kanga, akasema, "Ndiyo maana zilikuwa zikifika Alhamisi na si Jumatano. Nami nikimlaumu dereva wa gari moshi." Mzee, anasema uje siku hiyo. Ukitaka kukaa nje chini ya mwarobaini mpaka ibada iishe, kuna viti, na biriani inapikwa na jirani yetu Mwislamu kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Anataka kumwona mtu aliyegonga mihuri.

Dada Alto, swali dogo la mwisho. Mwalimu wa kwaya amekubali wimbo mmoja wa zamani uimbwe kwa sauti nne bila kinanda. Alto wako wanne tu na mmoja ni mjamzito, hawezi kusimama sana. Mama amesema atasimama naye, lakini miaka karibu 40 haijapita hivi hivi, sauti inakatika juu. Kuna kitu cha kumpa? Baba alikuwa akinywa tangawizi na asali, lakini hiyo ni ya besi. Mazoezi ni Alhamisi saa kumi na moja, na ameshanituma nimtafutie miwani.

---

Alto Mstaafu amejibu:

Tangawizi ni ya wote. Aache maji ya barafu na asiimbe kwa nguvu Jumatano. Kule juu akikatika, walio kando yake watambeba, alto haisikiki ikikosea, hilo ndilo jema letu pekee.

Kanisa liko upande gani wa Kengeleni? Goti langu hupanda matatu likitaka.